Gitaa lililotiwa darini

Msomaji mpenzi, Jumapili hii sina budi kuanza kwa kuungama. Likizo iliyopita, ni mimi niliyemshauri kaka yangu ampokonye mwanawe gitaa. Kijana yuko shule ya upili, na alama ya hesabu aliyoleta nyumbani haikuwa ya kuonyeshwa wageni. Nilisema yale ambayo wazazi na mashangazi wengi husema: gitaa halijengi nyumba, wanamuziki ni watu wa ulevi, mtoto ashike vitabu. Kaka alinisikiliza. Gitaa likapandishwa darini, likalala huko pamoja na viti vilivyovunjika miguu.

Gitaa lenyewe si la kijana. Ni la mjomba wetu wa Khwisero, ambaye tangu sijazaliwa amekuwa akilipiga jioni chini ya mwembe wake. Kila likizo kijana alikuwa akienda kuketi naye. Hatukuuliza wanafanya nini. Tulidhani ni kupoteza wakati tu.

Mwezi jana mjomba aliletwa Nairobi kutibiwa. Alikuwa amepatwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia ukalegea. Hata kabla chai haijamiminwa, alimwuliza kaka, "Mwenzangu yuko wapi? Na gitaa je?"

Tukatazamana. Kaka akajikuna kichwa. "Mjomba, tuliliweka kidogo, asome kwanza."

Mzee alinyamaza. Kisha akauinua mkono ule mgonjwa kwa ule mzima, akauweka pajani. "Huu haupigi tena," akasema. "Nilichokuwa nacho nilimwekea yule mtoto. Sasa ninyi mmekitia darini."

Nakuambia, msomaji, chai ilinishinda.

Jioni hiyo gitaa liliteremshwa, likapanguswa vumbi. Kijana aliifunga penseli kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ikazibana nyuzi zote sita shingoni mwa gitaa ili sauti ipande. Akaanza. Nilisogeza kiti changu karibu nitazame vidole, na hapo ndipo nilipogundua ujinga wangu.

Mkono wa kulia unatumia vidole viwili tu. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, hatua kwa hatua, bila kusimama, kama mtu aendaye sokoni asiyetaka kuchelewa. Kidole cha shahada kinacheza kwenye nyuzi nyembamba, na hicho ndicho kinachoimba. Dole gumba halitakiwi kumsikiliza mwenzake. Likibabaika kidogo tu, wimbo wote unaanguka. Ukifumba macho utaapa kwamba wapigaji ni wawili. Kijana aliniambia kwamba alikaa likizo nzima akifundisha dole gumba peke yake, kabla mjomba hajamruhusu kugusa uzi mwembamba.

Mjomba naye hakukaa bure. Aliomba chupa ya soda, ile ya zamani yenye mifuo ubavuni, akaibana kwa magoti na kuikwaruza kwa mkono wa kushoto. Chupa ndiyo ngoma ya muziki huu.

Mtindo huo, ambao watu wa magharibi mwa Kenya huuita omutibo, si wa jana. Bingwa wake alikuwa George Mukabi, mwimbaji wa Sengula Nakupenda. Mukabi aliuawa mwaka wa 1963, mwaka uleule tuliopata Uhuru, na wapigaji waliomfuata wakawa wakipimwa kwa kipimo chake.

Naye hakuwa peke yake katika ufundi wa vidole viwili. Huko Katanga, nchini Kongo, alikuwako Jean-Bosco Mwenda, ambaye wimbo wake Masanga ulirekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, na kwa kuwa aliimba kwa Kiswahili, hakuhitaji mkalimani. Vijana wengi wa hapa waliiga vidole vyake, kisha kila mmoja akaongeza la kwao. Mwaka wa 1969 Mwenda alipiga gitaa katika tamasha la Newport huko Marekani. Alifariki mwaka wa 1990 katika ajali ya barabarani nchini Zambia.

Utaniuliza, kama nyimbo zilirekodiwa, hofu ni ya nini? Kweli, hazijapotea. Mwaka wa 2017 nyimbo za Mukabi zilikusanywa na kutolewa upya ng'ambo katika albamu iitwayo Furaha Wenye Gita. Lakini sahani ya santuri hukupa sauti, haikuonyeshi mkono. Haikwambii dole gumba limeegemea wapi, wala haipunguzi mwendo ukiomba, "Babu, rudia hapo." Jambo hilo hufanywa na mtu aliyeketi kando yako, na watu hao sasa wanazeeka. Wengine mikono imelegea, kama mjomba wetu.

Sisemi kwamba hesabu si kitu. Mpigaji asiyejua kusoma mkataba ataimba yeye, wengine wale. Hilo limewapata wengi, na ndilo lililotufanya sisi wazazi kuwa wakali. Lakini tulikosea dawa. Badala ya kumfundisha mtoto kuilinda kazi ya mikono yake, tulimnyang'anya kazi yenyewe.

Kosa letu kubwa zaidi lilikuwa kuhukumu kabla ya kusikiliza. Tangu kijana aanze kujifunza, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwambia, "Hebu piga tusikie." Hata mahakamani mshtakiwa hupewa nafasi ya kujitetea.

Mwishowe tulikaa kikao sebuleni, mjomba akiwa mwenyekiti. Ikakatwa hivi: gitaa litateremka siku za Jumamosi, na jioni za likizo kazi ya shule ikishakwisha. Hesabu zitatafutiwa mwalimu, na ada yake nitalipa mimi. Hiyo ndiyo faini yangu. Na likizo ijayo kijana atakwenda Khwisero kama kawaida, kwa sababu mjomba anasema bado kuna nyimbo nne ambazo hajampa. Mkono hauwezi, lakini mdomo wake ungali unaweza kumwambia aweke kidole wapi.

Nawe, msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna chombo kilichotiwa darini, au mzee aliyeketi na ujuzi ambao hakuna aliyemwomba, usingoje mkono ulegee. Mwite mtoto, mwite na mzee, nawe uketi usikilize.

Jumapili njema.