Kicheko Si Tusi kwa Shujaa

Wako wahakiki waaminio kwamba uzito wa kazi ya sanaa hupimwa kwa kununa. Kwao, kitabu kichekeshacho ni chepesi, na shujaa achekwaye amevunjiwa heshima. Imani hii ni potofu, na hadithi za katuni za Marekani zinatosha kuifichua.

Mwaka 1986 vilitoka Watchmen na The Dark Knight Returns, vitabu vilivyowavika mashujaa wenye nguvu za ajabu huzuni na ukatili. Mwaka 1987 waandishi Keith Giffen na J. M. DeMatteis, pamoja na mchoraji Kevin Maguire, walishika njia nyingine. Katika Justice League yao, mashujaa waliokusanyika kuulinda ulimwengu wanabishana kama majirani kisimani. Guy Gardner, mwenye majivuno yasiyo kifani, anazimishwa na Batman kwa ngumi moja tu. Blue Beetle na Booster Gold wanafungua nyumba ya kamari kisiwani, na kisiwa chenyewe, ambacho kina uhai, kinaogelea na kwenda zake.

Atasema mtu kwamba huo ni utovu wa adabu. Mimi nasema ndiyo heshima yenyewe. Sanamu huogopwa tu. Achekwaye ni binadamu. Naye binadamu ajuaye hofu na upuuzi wake, kisha akaiendea hatari, ushujaa wake wapita wa yule asiyejikwaa kamwe. Makabila mengi ya Tanzania yalilijua jambo hili, yakaufikisha utani hadi matangani: mtani humwigiza marehemu na kumcheka mbele ya wafiwa, wala hakuna amshutumuye kwamba hakumpenda.

Mwaka 2005 kampuni ya DC, mchapishaji wa hadithi hizo, ilimtoa Blue Beetle kafara. Maxwell Lord, aliyekuwa msimamizi wa chama kilekile cha mashujaa, alimpiga risasi ya kichwa. Kifo kile kilikusudiwa kuitia hadithi uzito. Lakini kiliuma kwa nini? Kiliuma kwa kuwa wasomaji walikuwa wamecheka naye miaka mingi. Walionuna walikopa machozi katika hazina ya kicheko, kisha wakaivunja hazina.

Basi, enyi wanafunzi wa fasihi, msimwulize mwandishi kama amekunja uso. Mwulizeni kama amemjua mtu. Aliyemjua mtu barabara hawezi kumwandika pasipo kucheka, wala kumcheka pasipo kumpenda.