Lenin Hakumpindua Tsar

Kaa kijiweni popote watu wanapobishana siasa za dunia, utaambiwa bila wasiwasi kwamba Lenin ndiye aliyempindua Tsar wa Urusi. Wanaompenda wanasema kwa fahari, wanaomchukia wanasema kwa hasira, na wote wamekosea. Tsar Nicholas II alipong'atuka Machi 1917, Lenin alikuwa Zurich, Uswisi, amepanga chumba kwa fundi viatu. Januari ya mwaka huohuo aliwaambia vijana wa huko kwamba wazee kama yeye huenda wasiishi kuyaona mapambano ya mwisho ya mapinduzi. Alirejea Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, Aprili, akakuta kiti cha enzi kina mwezi mzima hakina mtu.

Kilichomwangusha Tsar ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alivyoviingia mwaka 1914.

Tuanze na hazina. Ili askari wasilewe, serikali ilipiga marufuku uuzaji wa vodka. Vodka hiyo ilikuwa biashara ya serikali yenyewe, ikiiletea zaidi ya robo ya mapato yake! Ni nani anayefunga duka lake linalolipa kuliko yote siku anayoanza kukopa? Pengo likazibwa kwa kuchapa noti, na bei zikapaa.

Kisha mkate. Kabla ya vita Urusi ilikuwa ikiuza ngano nyingi nje. Uturuki ilipofunga mlango-bahari wa Dardanelles, ngano hiyo ikabaki nyumbani. Kwa hesabu za kawaida watu wangeshiba. Lakini injini na mabehewa yalikuwa yakikimbizwa magharibi yakibeba askari, makombora na malisho ya farasi. Mkulima naye akiuza gunia alipewa noti zisizonunua kitu, maana viwanda viliacha kutengeneza majembe na vitambaa vikageukia silaha. Akaona heri ngano ikae ghalani. Hivyo nchi ilikuwa na chakula, na wanawake wa Petrograd wakapanga foleni ya mkate usiku kwenye theluji.

Mwaka 1915, baada ya jeshi kurudi nyuma na kuipoteza Poland yote, Nicholas akajitwika mwenyewe uamiri jeshi na kuhamia makao makuu ya jeshi huko Mogilev. Tangu hapo kila kipigo kikawa chake. Mji mkuu akamwachia mkewe Alexandra, mzaliwa wa Ujerumani, katikati ya vita na Ujerumani. Hapa kuna watakaonirukia: basi ni Rasputin, yule mhaji aliyeaminiwa na Alexandra! Rasputin aliuawa Desemba 1916 na watu wa jamaa na tabaka la Tsar, wakidhani wanaokoa ufalme. Ufalme ulidumu miezi miwili na nusu tu baada yake.

Tarehe 8 Machi 1917 wanawake wa viwanda vya nguo mtaa wa Vyborg waligoma, ingawa baadhi ya Wabolsheviki, watu wa chama cha Lenin, wa mtaa huo walikuwa wamewasihi wangoje. Migomo ikaenea. Tsar akaagiza kwa telegramu kwamba ghasia zikome kesho yake. Tarehe 11 askari wa kikosi cha Volynsky wakafyatulia watu risasi uwanja wa Znamenskaya. Usiku ule kambini hawakulala, wakajadiliana, na asubuhi wakakataa kutoka tena. Kamanda wao akapigwa risasi. Kufikia jioni vikosi vingine vilikuwa vimewafuata.

Mwaka 1905 Tsar alinusurika mapinduzi kwa sababu sehemu kubwa ya jeshi ilimtii. Jeshi lile la 1905 lilikuwa wapi sasa? Askari na maofisa wengi wa zamani walikuwa makaburini Poland na Galicia. Waliojazana kambini Petrograd walikuwa wakulima na wafanyakazi waliovalishwa sare juzi, wakisubiri zamu ya kupelekwa mstari wa mbele. Dada zao ndio waliokuwa kwenye foleni.

Treni ya Tsar ilikwama Pskov. Huko zikamfikia telegramu za majenerali wake, mmoja wao wa ukoo wake mwenyewe, wakimwomba aondoke. Akatia saini tarehe 15 Machi. Kesho yake nduguye Mikhail akakikataa kiti, na miaka 300 ya akina Romanov ikaishia hapo.

Serikali ambayo Lenin aliipindua Novemba ni nyingine kabisa: ni Serikali ya Muda iliyorithi nchi ikiwa na njaa, kisha ikaamua kuendelea na vita vilevile.