Bei ya Tezo
Wengi wetu Pemba tukitajiwa bei ya tezo la mhunzi huguna, tukachukua la dukani lililo rahisi. Naelewa: kabla ya msimu wa karafuu mifuko huwa mitupu. Lakini lile la mhunzi ni springi ya lori, chuma chenye kaboni nyingi, kilichopashwa moto hadi kikawiva, kikafuliwa, kikazamishwa majini, kisha kikapashwa tena kidogo ili makali yasimeguke. Hatua hiyo ya mwisho, inayotaka jicho la mzoefu, ndiyo hasa tunayoilipia. Fundi anayechonga ngalawa katika gogo la mwembe kutwa nzima hawezi kusimama kila mara kunoa. Anayemwagizia ngalawa amwongezee na fedha ya zana, wala asimpunje mhunzi.