Karasha lisilohama: hasara iliyojificha kwenye kompyuta ya mnunuzi wa dhahabu

MNUNUZI wa dhahabu wa Mwakitolyo anaijua bei ya gramu ya jana na ya leo, na ya kesho anaikisia. Anajua mzani wake ulikaguliwa lini. Lakini akiulizwa kuhusu programu iliyomo ndani ya kompyuta yake, ile inayopiga hesabu ya uzito, usafi na makato, kwamba iliundwa kwa chombo gani na chombo hicho kiko wapi, atajibu kuwa fundi ndiye anayejua. Jibu hilo ni ghali kuliko linavyosikika.

Tangu masoko ya madini yaanze mwaka 2019, biashara iliyozoea daftari na kikokotoo inadaiwa kumbukumbu zinazosomeka. Katika ukanda mzima, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, wapo wanunuzi, wenye mitambo ya kuchenjua na wenye makarasha ambao wamewalipa mafundi wa mjini wawatengenezee programu zao wenyewe. Fedha hutolewa, programu huwekwa, watu hupeana mikono. Kwa kawaida hakuna anayekumbuka kuulizia karasha.

Kwa maana programu nayo ina karasha lake. Fundi huandika maagizo kwa lugha anayoielewa yeye. Maagizo hayo ni sawa na mawe yaliyotoka duarani: mali imo ndani, lakini hayajawa mali. Ni lazima yapite kwenye programu nyingine, ambayo kazi yake ni kukusanya mafaili ya fundi, kuyapanga kwa utaratibu unaotakiwa, kuyapeleka yakatafsiriwe katika lugha ya mashine, na hatimaye kutoa faili ambalo mwenye duka hulifungua kwa kubofya. Mwenye duka haoni karasha, anaona unga tu. Na kila mchimbaji anajua kwamba unga haurudi kuwa jiwe.

Madhara yake huonekana pale serikali inapobadili viwango, na viwango hubadilika. Chukua mrabaha wa dhahabu peke yake. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ulikuwa asilimia 3. Sheria ya mwaka 2010 ikaufanya asilimia 4. Mwaka 2017 ukapandishwa hadi asilimia 6, na mwaka huo huo ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Kodi ya Ongezeko la Thamani iliyoanza Julai 1998 kwa asilimia 20 ilishushwa hadi asilimia 18 mwaka 2009, kisha Februari 2019 Bunge likawaondolea wachimbaji wadogo kodi hiyo pamoja na ile ya zuio ya asilimia 5.

Tuseme mnunuzi alitengenezewa programu mwaka 2015, na fundi akaizika ile asilimia 4 ndani ya maandishi yake badala ya kuiweka mahali ambapo mwenye duka angeibadili mwenyewe. (Fundi mzuri hafanyi hivyo, lakini fundi mzuri ni adimu kuliko nageti.) Kwa mzigo wa shilingi milioni 10, programu hiyo inakata 400,000. Baada ya mabadiliko ya 2017 makato ni 700,000. Ile tofauti ya 300,000 imekwisha kuingia mfukoni mwa aliyeuza, ambaye kesho yake yuko Nyarugusu au Chunya akitafuta duara jipya.

Kubadili 4 kuwa 6 katika maandishi ni kazi ya dakika moja. Shida ni kuyapitisha upya kwenye karasha. Fundi amehamia Dar es Salaam, kompyuta aliyoitumia imekufa, na hatua za kuunda programu hakuziandika popote, kwa kuwa alikuwa akizifanya kwa kubofya vitufe. Kama alitumia Visual Basic 6, chombo kilichotoka mwaka 1998 na kilichopendwa sana na mafundi wa maduka, Microsoft iliacha kukihudumia Aprili 2008, na haikuwahi kukitolea toleo la nje ya Windows. Mwenye duka ana mawe kwenye viroba lakini hana pa kuyasagia.

Dawa inayozungumzwa ni kulihamisha karasha litoke kwenye Windows na kulifanya lisage pia kwenye mfumo mwingine wa uendeshaji, hasa Linux, ambao haulipiwi leseni. Wanaodhani kazi hiyo ni kunakili mafaili kwenye flashi hawajawahi kuiona ikifanywa.

Kwanza kuna anwani za mafaili. Windows hutenganisha majina ya makabati kwa mkwaju ulioinamia nyuma, na huanza na herufi ya diski, kama vile C. Linux haina diski C, na mkwaju wake huinamia mbele. Anwani moja iliyoandikwa kwa mazoea ya Windows inatosha kulisimamisha karasha. Kisha kuna herufi kubwa na ndogo. Kwa Windows, faili lililoandikwa Mrabaha na lililoandikwa mrabaha ni faili lile lile, lakini kwa Linux hayo ni mawili tofauti. Fundi aliyeishi na Windows miaka kumi ana makosa ya namna hii kwa mamia na hajui, maana hayakuwahi kumzuia kufanya kazi. Tena Windows ina daftari lake kuu ambamo programu huuliza vitu vimewekwa wapi. Ukifika Linux daftari hilo halipo, na karasha linabaki linauliza maswali yasiyo na wa kuyajibu.

Kasoro hizo zina nafuu moja, kwamba karasha likikwama hupiga kelele na fundi akasikia. Ya kuogopwa ni ile inayonyamaza. Kompyuta nyingine hupangwa kuandika desimali kwa nukta, nyingine kwa mkato, kufuatana na desturi ya nchi iliyochaguliwa wakati wa kuiweka. Programu isiyoambiwa wazi ifuate desturi ipi inaweza kuhamia kwenye mashine mpya, ikasoma gramu 12.5 kuwa gramu 125, na isilalamike hata kidogo. Mwenye duka akigundua jioni, amekwisha kununua.

Wanaoona mambo haya ni ya wasomi wa mjini waitazame Microsoft yenyewe. Chombo chake cha kuundia programu, MSBuild, kilitoka pamoja na .NET 2.0 mwaka 2005, na kwa miaka kumi kilikuwa cha Windows. Waliotaka kufanya kazi nje ya Windows, kundi la mradi wa Mono ulioanzishwa na Miguel de Icaza, walilazimika kujichongea karasha la kuiga, wakaliita xbuild, na wakatumia miaka mingi wakilikimbiza lile la awali. Machi 2015 Microsoft ikaweka maandishi ya MSBuild hadharani ili yahamishiwe kwenye mifumo mingine. Juni 2016 ikatoa .NET Core 1.0 iliyofanya kazi kwenye Windows, Linux na kompyuta za Apple.

Sehemu yenye faida kwa mfanyabiashara ni iliyofuata. Wakati wa kuhama, Microsoft ilijaribu kuachana na mafaili ya zamani ya MSBuild na kuleta utaratibu mpya ulioitwa project.json. Ulikuwa mwepesi na mafundi wengi waliupenda. Lakini viroba vya mawe vilivyokatwa kwa kipimo cha karasha la zamani vilikuwa vingi mno duniani, na kufikia Machi 2017 kampuni ilikuwa imerudi kwenye MSBuild. Mono nao mwaka huo wakaliweka kando la kuiga na kuchukua lile lenyewe. Fundi anayemshauri mnunuzi wa Mwakitolyo atupe kila kitu na kuanza upya kwa chombo kipya kabisa angeombwa kwanza aeleze kwa nini Microsoft ilirudi nyuma.

Pingamizi kubwa linajulikana. Kompyuta karibu zote za madukani ni za Windows, kwa hiyo kuhama ni kujitafutia kazi. Kwa anayeandika mauzo yake kwenye Excel na basi, pingamizi hilo ni sahihi, na asidanganywe na mtu. Kwa mwenye programu yake mwenyewe hesabu ni tofauti. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ila zile zisizoandikishwa kwenye huduma ya nyongeza hazipati tena marekebisho ya usalama, na Windows 11 inataka mashine yenye kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Mashine za mitumba zisizokidhi masharti hayo bado ni nzima, na Linux inakaa juu yake bila malipo. Mwenye programu ambayo karasha lake limefungwa kwenye Windows hana uchaguzi huo, na siku ya kubadili kiwango atalazimika kununua mashine, leseni na fundi kwa mkupuo mmoja.

Hilo la fundi ndilo zito kuliko yote. Mchimbaji aliyefadhiliwa duara na mnunuzi mmoja huuza kwa bei anayoitaka mnunuzi huyo. Mwenye duka ambaye programu yake inaundika kwenye kompyuta ya fundi mmoja tu yuko katika hali ile ile, tofauti ni kwamba safari hii yeye ndiye aliyefungwa. Karasha lililohamishwa, lenye hatua zake zote zimeandikwa kwenye faili na linaloendeshwa kwa amri moja, linaweza kupelekwa kwa fundi wa Shinyanga, wa Mwanza au wa Nairobi, na wote watatu wakataja bei. Faida ya kuhama iko hapo kuliko kwenye kuokoa leseni.

Ni haki pia kusema mipaka yake. Kuhamisha chombo cha kuundia si kuhamisha programu yote. Skrini zilizochorwa kwa Windows Forms au WPF zilibaki za Windows hata zilipoingizwa kwenye .NET Core 3.0 mwaka 2019. Anayeahidiwa kwamba duka lake zima litahamia Linux mwisho wa mwezi anauziwa maneno. Njia ya busara ni kuanza na sehemu ya hesabu, yaani uzito, usafi, mrabaha na ada, pamoja na karasha lake, kwa sababu sehemu hiyo haina skrini na ndiyo inayoguswa kila sheria inapobadilika. Skrini zinaweza kubaki kwenye Windows hadi mashine itakapochoka. Ripoti za kuchapisha nazo zisubiri, kwani mara nyingi ndizo zinazokula fedha nyingi kwa faida ndogo.

Wala hili si jambo geni kwa mafundi wa nchi hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyofanya kazi kwenye Windows na kwenye Linux vilevile. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni mteja wa kuudai kwenye mkataba.

Mkataba wenyewe usiwe wa kurasa ishirini. Maandishi yote ya fundi, pamoja na maagizo ya karasha, yawe mali ya mnunuzi na nakala ikae kwake, si kwa fundi pekee. Viwango vya mrabaha, ada na kodi viwekwe nje ya maandishi, kwenye faili ambalo karani anaweza kulifungua. Halafu robo ya malipo ibaki mkononi mwa mnunuzi hadi siku ambayo fundi ataletewa kompyuta ngeni, isiyowahi kuguswa naye, yenye mfumo usio Windows, na kuiunda sehemu ya hesabu toka mwanzo kwa amri moja mbele ya mwenye mali. Baada ya hapo wachukue risiti za mwezi uliopita na kuzipitisha kwenye programu ya zamani na kwenye hiyo mpya, mzigo kwa mzigo. Majibu yakitofautiana hata kwa shilingi moja, robo haitoki.