Uchambuzi: Kwa nini daftari la madeni halimtoshi tena mwenye duka Pemba

Katika maduka mengi ya mtaani Chake Chake, Wete, Mkoani au Konde, chini ya meza karibu na mizani huwa kuna daftari. Kurasa zake zimejaa majina, kilo za unga, robo za sukari na ahadi. Wengine wamelipa nusu. Wengine wamesema "hadi karafuu".

Daftari hilo lina kazi moja: kukumbusha nani anadaiwa. Halisemi duka limeuza kiasi gani wiki hii, bidhaa zilinunuliwa kwa bei gani, wala kama faida ipo. Hayo yote yako kichwani mwa mwenye duka.

Kwa miaka mingi mtindo huo ulitosha. Sasa mambo matatu yanaubana kwa pamoja: kodi, risiti za kielektroniki na mikopo. Yote yanamuuliza mfanyabiashara swali lilelile: hesabu ziko wapi?

Kukosa hesabu kuna bei yake

Wapo wanaoamini kuweka hesabu ni kujichongea kwa watu wa kodi. Bora kukaa kimya, wanasema, ulipe kidogo. Kwa mfanyabiashara mdogo, sheria inasema karibu kinyume chake.

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na Zanzibar inasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Mtu binafsi mwenye biashara ya kawaida, ambaye mauzo yake hayazidi Sh100 milioni kwa mwaka, hukadiriwa kodi kwa kuangalia mauzo. Mauzo yasiyozidi Sh4 milioni hayatozwi kitu.

Kuanzia hapo ndipo daftari linapogeuka fedha. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya kati ya Sh4 milioni na Sh7 milioni ambaye hana kumbukumbu hulipa Sh100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 tu ya kile kilichozidi Sh4 milioni.

Kati ya Sh7 milioni na Sh11 milioni, asiye na kumbukumbu hulipa Sh250,000. Mwenzake anayeandika hulipa Sh90,000, pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi Sh7 milioni.

Chukua maduka mawili yaliyopakana, kila moja linauza Sh7.5 milioni kwa mwaka, yaani kama Sh20,500 kwa siku. Lisilo na hesabu linalipa Sh250,000. Lenye hesabu linalipa Sh105,000. Tofauti ni Sh145,000, mauzo ya wiki nzima, na kilichowatenganisha ni kaunta buku na kalamu.

Mauzo si faida

Mauzo yakivuka Sh11 milioni mambo yanabadilika. Kwa mabadiliko ya mwaka 2022, hadi Sh100 milioni kodi ikawa asilimia 3.5 ya mauzo yote. Hapo punguzo la mwenye kumbukumbu halipo tena, lakini hatari ya kutojua hesabu ni kubwa zaidi.

Mwenye duka la vyakula anayeuza Sh20 milioni kwa mwaka atadaiwa Sh700,000. Kama faida yake ni asilimia 5 tu, kitu cha kawaida kwenye mchele na unga, amebaki na Sh1 milioni. Kodi imechukua zaidi ya theluthi mbili ya faida hiyo.

Sheria inampa mtu binafsi nafasi ya kuchagua kutoka kwenye makadirio ya mauzo na kutozwa kwa faida halisi. Lakini mlango huo unafunguka kwa mwenye hesabu kamili. Asiyejua faida yake hawezi hata kujua kama anaumia.

Viwango hivi hupitiwa kila msimu wa bajeti mwezi Juni, hivyo kuuliza ofisi ya TRA kabla ya makadirio ni jambo la lazima. Mantiki yake ndiyo ya kushika: kwa biashara ndogo, kumbukumbu ni kinga.

Mfumo unajua mauzo, haujui gharama

Upande wa Serikali ya Mapinduzi, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, iliyochukua nafasi ya Bodi ya Mapato mwaka 2022, ndiyo inayosimamia kodi za Zanzibar, zikiwemo VAT na ushuru wa stempu. Risiti zake za kielektroniki hutolewa kupitia mfumo wa VFMS, ambao mfanyabiashara anaweza kuutumia hata kwa simu.

Kila risiti inayotoka inaacha alama kwenye mfumo wa mamlaka. Hilo ni jema kwa mapato ya serikali. Kwa mwenye duka asiyeandika, linaleta hali mpya: mamlaka inaweza kuyajua mauzo yake vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Na risiti ya mauzo inasema nusu tu ya habari. Haisemi nauli ya mzigo kutoka Unguja au Tanga, upakuzi bandarini Mkoani, tomato zilizooza njiani wala mteja aliyekopa akahama. Nusu hiyo ya pili ni lazima mwenye duka aiandike mwenyewe na kuiwekea ushahidi. Sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5. Risiti ya manunuzi iliyofungiwa karanga haitamsaidia mtu siku ya ukaguzi.

'Chuma ulete' au mchele wa nyumbani?

Kuna malalamiko yanayojulikana na kila mwenye duka: biashara inakwenda lakini pesa haionekani. Wapo wanaokimbilia kusema ni chuma ulete. Mara nyingi hesabu ndogo tu ingetosha kumtafuta mwizi.

Tuseme polo la mchele la kilo 50 limenunuliwa kwa Sh120,000, na kulifikisha dukani kumegharimu Sh5,000. Jumla Sh125,000. Kilo moja inauzwa Sh2,600, hivyo polo zima lingeleta Sh130,000 na faida ya Sh5,000.

Lakini kilo 3 zimekwenda jikoni nyumbani bila kuandikwa. Zilizouzwa ni kilo 47, sawa na Sh122,200. Mwenye duka akihesabu droo anakuta Sh2,800 pungufu ya alichotoa. Hakuna aliyeiba. Familia imekula faida, na juu yake kipande cha mtaji.

Kula mchele wa dukani si kosa. Kosa ni kutouandika. Ukiandikwa, mwenye duka anaona kuwa duka lake linalisha nyumba, jambo ambalo lina thamani yake. Usipoandikwa, anapandisha bei au anamshuku kijana wa dukani.

Mkopo wa dukani unaosubiri karafuu

Pemba ndiko inakotoka sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na mzunguko wa fedha kisiwani hufuata msimu. Karafuu zikiuzwa ZSTC, madeni hulipwa. Msimu ukiwa mbaya, daftari la duka ndilo linalobeba njaa ya mtaa.

Si jambo la jana. Miaka ya 1930 madeni ya wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia mashamba kuhamia mikononi mwa wakopeshaji.

Leo anayekopesha ni mara nyingi mwenye duka mdogo, ambaye naye amekopa mzigo kwa wakala wa jumla. Kumwambia asikopeshe ni kumwambia afunge duka, kwa sababu wateja ni majirani na ndugu. Anachoweza kufanya ni kuweka mpaka: kujua jumla ya fedha iliyo nje, na kuamua isivuke kiasi gani cha mtaji.

Ndiyo maana kila deni linahitaji mambo manne: jina, kiasi, tarehe ya kukopa na tarehe ya kulipa. Kwa jamii ya Kiislamu hili si geni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaelekeza deni la muda maalumu liandikwe na liwe na mashahidi. Anayeandika hamshuku mwenzake. Anawalinda wote wawili.

Ankara: karatasi inayofungua mlango

Kwa anayeuza kilo ya sukari, ankara haina kazi. Lakini fundi cherehani anayeshonea skuli sare, mama anayepika chakula cha semina au seremala anayetengeneza madawati hawezi kuikwepa. Ofisi hailipi kwa maneno ya "nimeshaleta".

Wengi huchanganya ankara na risiti. Ankara inamwambia mnunuzi "unadaiwa kiasi hiki", na hutoka kabla ya malipo. Risiti inathibitisha fedha imeshapokelewa. Kutoa risiti kabla ya kulipwa ni kujifunga mwenyewe.

Ankara nzuri haina mapambo. Ina namba inayofuatana na ya kabla yake, tarehe, jina la muuzaji na namba yake ya mlipa kodi, jina la mnunuzi, bidhaa au huduma, idadi, bei ya kimoja na jumla. Mwishoni inataja siku ya mwisho ya kulipa na pa kulipia, iwe akaunti ya benki au lipa namba. Aliyesajiliwa VAT huionyesha kodi hiyo kwenye mstari wake.

Mstari unaosahaulika zaidi ni ule wa siku ya mwisho ya kulipa. Bila huo, mteja hajachelewa kamwe.

Karatasi hiyohiyo ina uzito benki. Wapemba wengi hukwepa mikopo ya riba na kutafuta huduma za Kiislamu, kama PBZ Ikhlas au Al Barakah ya CRDB. Katika murabaha, benki haimpi mteja fedha mkononi. Inanunua bidhaa anayoitaka, kisha inamuuzia kwa bei yenye faida iliyokubaliwa. Kazi hiyo inaanza na ankara ya awali kutoka kwa muuzaji. Asiyeweza kuitoa anamkosesha mteja wake mtaji, na yeye anakosa mauzo.

Kwa mkopaji pia ni hivyo. Taasisi inayotaka kumwezesha mtu, ikiwemo Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi Zanzibar, ZEEA, inahitaji kujua biashara inaingiza nini. Miezi 6 ya mauzo yaliyoandikwa inaongea kuliko maelezo ya mdomo.

Daftari kwanza, programu baadaye

Hapa ndipo wengi wanapoanza vibaya. Wanapakua programu, wanaijaza siku tatu, wanaiacha. Tatizo linakuwa mazoea, si simu.

Hatua ya kwanza ni daftari lenye safu nne: tarehe, maelezo, fedha iliyoingia na fedha iliyotoka. Linajazwa kila jioni kabla ya kufunga. Madeni yanakaa kwenye daftari la pili. Mara moja kwa mwezi, bidhaa za dukani zinahesabiwa. Mfanyabiashara anayetoa zaka ya biashara tayari analijua zoezi hilo, kwani huhesabu mali yake kila mwaka unapotimia.

Hatua ya pili ni kutenganisha simu. Mauzo yapite kwenye lipa namba ya biashara, si kwenye namba inayopokea pia ada ya watoto na mchango wa harusi. Taarifa ya miamala ya mwezi inakuwa hesabu iliyojiandika yenyewe.

Hatua ya tatu ndiyo programu. Google Sheets na Excel zinatosha kwa wengi. Loyverse, inayopatikana bure, hufuatilia mauzo na bidhaa zilizobaki kwa simu. Zoho Invoice, nayo ya bure, hutengeneza ankara za kutuma kwa WhatsApp. Tahadhari ni mbili: nakala ihifadhiwe nje ya simu, na karatasi inayotoka kwenye programu hizo haichukui nafasi ya risiti rasmi ya VFMS.

Siku mwenye duka asipokuwepo

Kuna mtihani mmoja ambao haumsubiri mtu wa kodi wala benki. Mwenye duka anapofariki, madeni yake hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa. Wakala anakuja kudai mzigo. Wateja wanaodaiwa wananyamaza. Mjane anafungua daftari na kukuta alama, herufi za mkato na majina ya utani ambayo aliyeyaelewa ni marehemu peke yake.

Hapo familia inaweza kulipa deni ambalo lilishalipwa, na kusamehe bila kujua deni ambalo lingewasomesha watoto. Waswahili walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kipimo rahisi cha hesabu za duka ni hiki: mtu mwingine wa nyumbani alifungue daftari leo usiku, bila kuuliza chochote, na aweze kusema duka linadai nani, linadaiwa na nani, na limebaki na nini.