Makofi Yanayomfilisi Mvumbuzi

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba alitia maziwa ya moto katika jokofu, akaona yameganda kabla ya yale ya baridi. Alipoeleza alidhihakiwa. Mwaka 1969 habari hiyo ilichapishwa katika jarida la fizikia la Uingereza, na ingawa wataalamu wangali wanaibishania, dunia inaiita kwa jina lake.

Walimu wa leo hawacheki tena, wanapiga makofi. Na makofi hayo, ajabu ya mambo, yaweza kumdhuru kijana kuliko kicheko kile. Mpemba aligundua jambo la maumbile, na jambo la maumbile halipewi hataza. Hakuwa na cha kuibiwa. Lakini kijana aliyeunda mashine ya kubangulia korosho anacho.

Tazameni yanayompata. Maonyesho ya wilaya yanafunguliwa, mgeni rasmi anafika, kijana anaamriwa kufungua kifuniko na kueleza kila gurudumu mbele ya kadamnasi. Anapigwa picha, anapewa cheti. Jioni siri yake yote imo mikononi mwa kila mwenye simu. Hakuna ofisa hata mmoja aliyemwuliza kama amepeleka maombi BRELA.

Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 inataka uvumbuzi uwe mpya, usiwe dhahiri kwa fundi wa kazi hiyo, na uweze kutumika viwandani. Wazo tupu halilindwi; hulindwa njia iliyoelezwa kwa ukamilifu. Na upya huweza kupotea jambo linapotangazwa hadharani. Zipo nchi zinazomsamehe mvumbuzi aliyejitangaza, kwa miezi michache; Ofisi ya Hataza ya Ulaya karibu haina msamaha huo. Kumbe aliyetangulia kupeleka maombi hapa nchini hupata miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine za Mkataba wa Paris huku akihesabiwa tarehe yake ya kwanza. Aidha, kwa ombi moja kupitia ARIPO, shirika la Kiafrika lenye makao yake Harare, anaweza kuzitaja Kenya, Uganda na wanachama wengine. Hilo ni la lazima kwa mwenye soko la nje, maana hataza ya Tanzania haimzuii mtu wa Nairobi.

Wapo wasomi watakaonung'unika kwamba hataza ni ubepari, na kwamba elimu ni mali ya wote. Hoja hiyo ina sura nzuri na tumbo tupu. Hataza yenyewe humlazimu mvumbuzi kuandika siri yake waziwazi, na baada ya muda usiozidi miaka 20 kila mtu yu huru kuitumia. Kinachotolewa bure leo hakimfikii mkulima wa Newala. Humfikia kwanza mwenye kiwanda, ambaye kesho atamwuzia mkulima huyo huyo.

Hata hivyo hati ndani ya sanduku haileti ugali. Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, aliyetwaa mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika yenye thamani ya pauni 25,000 kwa chujio lake la maji, alitambua kuwa wengi hawamudu bei ya chujio. Akaanzisha vituo vya kuuza maji yaliyochujwa. Wengine huuza leseni kwa kiwanda na kupokea mrabaha. Zote ni njia halali, ila mazungumzo na mwenye fedha yatanguliwe na maombi ya hataza, au walau na mkataba wa kutunza siri uliotiwa saini.

Ofisa anayeandaa maonyesho ya mwaka huu aanzie katika fomu ya washiriki. Aongeze mstari mmoja wa namba na tarehe ya maombi ya hataza, na asiyekuwa nayo aonyeshe korosho zilizobanguliwa, mashine ikiwa imefunikwa, hata kama mgeni rasmi atanuna.