Sehemu ya 6: Tranka la mjomba mwanamaji liende kwa nani?

Leo tuache kidogo uji wa lishe na homa za usiku. Kuna jambo limekaa mezani kwetu hapa Mnyambe tangu arobaini ya mjomba, na najua nyumba nyingi zina la namna hiyo, hata kama marehemu wenu hakuwa mwanamaji.

Mjomba wangu alikuwa mwanamaji wa JWTZ. Alikaa Kigamboni miaka mingi, pale kwenye kituo kilichojengwa kwa msaada wa China mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ameacha tranka. Ndani kuna sare nyeupe, kofia, mkanda, nishani mbili, dira ya shaba, daftari lenye mwandiko wake, na picha za vijana wamesimama kwenye boti. Nyuma ya picha hakuna jina hata moja.

Sasa ugomvi. Kwa mila yetu Wamakonde, ya mjomba yanawafuata wapwa. Watoto wake wanasema mambo hayo yamepitwa na wakati, baba ni baba yao. Wapwa, yaani kaka zangu mimi, wanasema mila ni mila. Kijana mmoja kashauri dira iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa sababu shaba ina bei na msimu wa korosho bado. Wakati wakubwa wanabishana, watoto wako uani wanapiga gwaride na ile kofia.

Mi naona tunakosea kulifanya tranka kitu kimoja. Vilivyomo kila kimoja kina kwao.

Sare kwanza, maana hiyo wala si ya kugombea. Sare ya jeshi si nguo ya urithi. Mwezi wa 8 mwaka 2023 JWTZ walitoa siku 7 watu wote wasio wanajeshi wasalimishe sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo. Kwa hiyo gwanda, kofia na mkanda virudi. Unamchukua mjumbe au mwenyekiti wa kijiji, mnakwenda kituo cha polisi, mnaeleza ni vya marehemu, mnaomba maandishi kwamba mmevikabidhi. Usimwachie kijana wa miaka 19 atoke nayo kwenda mnadani ili aonekane. Akikamatwa atakayehangaika huko ni mama yake.

Dira ndiyo inayoninyima usingizi, na hapa naongea kama nesi. Zamani saa na dira za jeshi na za meli nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Ile rangi ikizeeka haing'ai tena, mtu anaona imekufa, kumbe radiamu bado ipo, maana inachukua miaka kama 1,600 kupungua nusu tu. Ikiwa kioo ni kizima hatari ni ndogo. Kikivunjika, unga wake ukaingia mdomoni au puani kwa mtoto, hilo ni jambo jingine, kwa sababu mwili unaipokea kama madini ya chokaa na kuipeleka kwenye mifupa. Kule Marekani miaka ya 1920 mabinti waliopaka rangi hiyo kwenye saa walikuwa wanachongoa brashi kwa midomo. Taya zao zilioza, wengine walikufa. Dira yetu sijui imetengenezwa mwaka gani, ndiyo maana nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka ndani ya kopo, juu, mbali na wanakolala watoto. Usiifungue, usiisugue kwa mchanga ing'ae. Wa kuulizwa ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Na ukikuta risasi au kitu kinachofanana na bomu, hicho usikiguse kabisa, ita polisi.

Kuna wanaocheka, ati bahari na Mnyambe wapi na wapi, sisi wa juu ya uwanda ambao bibi zetu walishuka mabondeni kufuata maji ya kunywa. Lakini bahari ilishatufikia. Meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, iliangamizwa mtoni Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikaburutwa nchi kavu. Nahodha wake, Max Looff, akageuka askari wa nchi kavu, na Novemba 1916 ndiye aliyeongoza Wajerumani kuwatoa Wareno hapa hapa Newala. Leo mzinga mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine uko Pretoria. Watu wanapiga nao picha. Waafrika walioiburuta ile mizinga porini nani anawajua kwa majina? Chuma kilipata pa kukaa, majina hayakupata.

Ndiyo maana mimi nasema mali yenyewe ni daftari na zile picha. Kaka zangu hawajalifungua hata mara moja, wameshika nishani tu. Yupo mzee mmoja aliyetumika pamoja na mjomba, bado anaona vizuri. Tumpelekee picha wiki hii, tuandike majina nyuma kwa penseli, siyo kalamu ya wino, inapenya. Daftari tupige picha kurasa zote kwa simu, kila nyumba ipate. Lile lenyewe, pamoja na dira ikionekana salama, tuliulizie Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, Dar. Lakini tuanze kwa barua na picha. Usipande basi kutoka Newala na begi la vitu visivyo na maelezo, hawalazimiki kuvipokea, na wakipokea dai hati.

Nishani je? Wapwa wanazitaka, watoto wa kiume wanazitaka. Mjomba alilala kitandani karibu miaka miwili, na aliyemgeuza asivimbe vidonda, akamwosha, akasikiliza zile habari za Kigamboni mpaka akazijua kwa moyo, ni binti yake wa pili. Hakuna upande uliomtaja. Mimi nitamtaja, na kaka zangu wataninunia, najua. Mila yetu inapitia kwa mwanamke kila siku, ila ikifika kwenye kugawa tunatafuta mwanaume wa kumkabidhi.

Kikao ni Jumamosi baada ya adhuhuri. Mama aliyeniuliza kuhusu chanjo ya surua ya miezi 9 kama mtoto ana mafua, nitakujibu kesho nikitoka zamu.